Kijumba cha Fundi Sabiri

Siku ya kwanza Sabiri alisikia mtu anafagia, akadhani ni mkewe. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Korogwe limesimama wima juu ya mabati, na sauti yenyewe haikuwa na ajabu: ufagio wa chelewa ukikwangua sakafu, ukitulia kidogo, ukianza upya. Alikuwa ameketi kwenye banda lake la useremala uani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya stuli. Akaita, "Mama Maryamu, mbona leo umerudi mapema?"

Ufagio uliendelea. Ndipo akakumbuka kwamba Zamda yuko stendi anawauzia abiria machungwa, na kwamba huwa harudi kabla ya alasiri. Akageuza kichwa polepole. Ufagio ulikuwa unafagia juu ya meza yake ya kazi, ndani ya kijumba cha mtoto.

Sabiri alikuwa fundi paa, tena si fundi wa kubahatisha. Miaka ishirini aliutazama mji wa Korogwe kutoka juu, misumari mdomoni, akijua paa la nani linavuja na la nani limejengwa na walaghai. Kisha masika yaliyopita akateleza juu ya ghala, akaanguka, mguu ukavunjika pawili. Daktari akamtia vyuma, akamwambia ngazi sasa aione kwa macho tu. Mtu wa juu akarudishwa chini kuhesabu kuku. Ili asirukwe na akili, akaamua kumjengea binti yake wa pekee, Maryamu, mwenye miaka saba, nyumba ya wanasesere wake.

Zamda alitegemea kiboksi chenye mlango. Hakumjua mumewe! Sabiri hakuwa na mkono wa kujenga uongo. Alichukua mabaki ya mtiki, akayapasua mbao nyembamba, akajenga kwa kipimo cha sentimita kumi kwa kila mita, kwa utaratibu ule ule wa nyumba ya kulala watu. Alilaza mbao za chini, akasimamisha nguzo kwa nafasi sawa, akazifunga kwa vikatizo vya mlalo, akatia linta juu ya kila mlango na dirisha. Alikata spoku za baiskeli zikawa misumari. Alichonga kenchi sita za kubeba paa, akazipandisha moja moja, akazipiga papi za kushikia bati, akaezeka kwa bati alilokata kwenye debe la mafuta ya kula. Madirisha aliyatia nondo. Vyumba vitatu: sebule, chumba cha wazazi, na chumba cha mtoto chenye kitanda cha urefu wa kiganja.

"Wenzangu waume zao wana nyumba ndogo huko mjini," Zamda aliwaambia majirani, "wangu yeye kaileta mpaka uani." Wakacheka, na Sabiri akacheka nao.

Kosa lake lilikuwa moja, na kosa lile lisingefanywa na mtu asiye fundi. Marehemu Mzee Mhina wa Kwaluguru, aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti aliloliweka juu ya vipimo vyote. Bati la mwisho likishapigwa, fundi hashuki mpaka agonge mgongo wa paa mara tatu kwa nyundo na kumwita mwenye nyumba kwa jina lake na la baba yake. Mwenyewe, akiwa nje, aitike labeka, aingie wa kwanza, na alale humo siku hiyo hiyo. "Nyumba iliyokamilika haikai tupu," mzee alisema. "Usipomtaja mwenyewe, ataingia anayesikia." Hata matajiri waliokuwa wakiona ni ushamba walikubali, maana Sabiri aligoma kushuka.

Siku kijumba kilipokwisha, saa saba mchana, Maryamu alikuwa pembeni anapiga makofi. Sabiri, furaha imemjaa, akagonga paa mara tatu kwa kinyundo. Mwanasesere wa matambara hana jina wala baba, basi akaita kwa mzaha tu, "Mwenye nyumba, ingia nyumba yako!"

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Kisha wote wawili wakauona mlango wa kijumba ukijifunga, taratibu, kama unavyofungwa na mgeni mwenye adabu akishaingia. Sabiri akasema ni upepo. Siku hiyo hata majani ya mpapai yalikuwa yamesimama kimya.

Baada ya ufagio ikaja harufu. Kila adhuhuri banda lilijaa harufu ya udi iliyochanganyika na dagaa wabichi, na Sabiri akainua mbao zote kutafuta panya aliyekufa, asimpate. Halafu yakaja mazungumzo, sauti mbili za chini, ya kiume na ya kike, kama unavyowasikia majirani nyuma ya ukuta na usipate neno hata moja. Maryamu hakuogopa. Alilala kifudifudi mezani mbele ya kijumba, jicho moja dirishani, akitabasamu.

"Kuna nini humo, mwanangu?"

"Wenyewe, baba."

"Wenyewe nani? Wako wangapi?"

"Baba na mama." Mtoto alinong'ona, kama aliyeonywa asiwaamshe. "Wana chumba cha mtoto, ila mtoto hawana."

Siku hiyo hiyo Sabiri akakifunika kijumba kwa gunia na kumkataza Maryamu kuingia bandani. Mtoto alitii bila ubishi. Lakini adhuhuri ilipofika alijilaza mkekani ndani ya nyumba na kusinzia, na alipoamka alasiri akasukuma sahani ya ugali.

"Nimeshakula," alisema. Pumzi yake ilinuka udi.

Usingizi ule ukarefuka kila siku, kwanza mpaka alasiri, kisha mpaka magharibi. Zamda akamshonea nguo upya, akilalamika kwamba sketi zinamvuka miguu na hajui kwa nini. Sabiri ndiye aliyejua. Kwenye mwimo wa mlango wa chumbani kulikuwa na alama za penseli za kimo cha Maryamu, kila Idi alama moja. Alimsimamisha hapo akiwa anasinzia, akamwekea rula kichwani. Alama ya Idi iliyopita ilikuwa juu ya rula kwa vidole viwili. Akaleta futi kamba. Akapima mara ya pili, na ya tatu. Fundi anaweza kubishana na mkewe na akabishana na mwenye nyumba, lakini na futi habishani.

Walimpeleka hospitali. Daktari alimpima malaria, akapima damu, akasikiliza kifua, vyote salama. Akasema mtoto amepungua uzito sana, apewe lishe. Zamda akampa maziwa, mayai, uji wa karanga. Maryamu alitazama kila kikombe kwa huruma, kama mgeni aliyekwishashibishwa nyumba ya pili, na wiki iliyofuata alama ilikuwa imeshuka vidole vinne.

Hapo Sabiri akachukua koleo. Alilitoa gunia, akashika bati la kona kwa hasira yote ya baba, akaling'oa, na kabla halijaanguka chini alisikia kelele kutoka ndani ya nyumba, kelele ambayo hakujua koo la mtoto linaweza kuitoa. Hakusimama, alidhani ni wale wanaopiga mayowe kwa kinywa cha mwanawe. Akashika nguzo ya ukutani na kuikunja mpaka ikalia.

"Acha!" Zamda alitokea mlangoni, mikono imejaa nywele. "Baba Maryamu, acha, unamuua! Zimetoka zenyewe, kichwa kizima upande mmoja! Na ubavu wake... nimesikia ubavu wake!"

Sabiri alitazama bati mkononi, akatazama nywele, akaelewa. Akainyoosha nguzo, akarudisha bati mahali pake, akapiga kila msumari kwa haraka kiasi cha kujigonga vidole. Alipomaliza msumari wa mwisho, mtoto akanyamaza. Ndani ya kijumba mtu alicheka kidogo, kicheko cha mwanamke mwenye haya.

Zamda alisema wamtoroshe mtoto. Alimbeba mgongoni na kupanda basi kwenda kwa mama yake Kwamsisi, kule Handeni. Gari halijamaliza nusu ya njia, mtoto akapoa mgongoni mwake, midomo ikawa ya bluu, na Zamda akashuka porini akipiga kelele, akasimamisha pikipiki ya kwanza kuelekea Korogwe. Kadiri walivyokaribia mji ndivyo pumzi ilivyorudi. Alipofika uani hakuweza hata kulia. Alimlaza mtoto, akachukua simu, akampigia mtu aliyesikia habari zake tangu utotoni, Shekhe Ukasha.

Shekhe alifika kesho yake kwa bodaboda, mfupi, mnene, amevaa viatu vya mvua vyenye tope la shambani.

"Shikamoo, Shekhe," Sabiri alisema.

"Marahaba. Nimeacha mahindi yangu katikati ya palizi, kwa hiyo tusizungushane." Hakufungua kitabu wala hakuwasha ubani. Alilizunguka banda mara moja, akachungulia kijumba bila kukigusa, akazipigia kenchi saluti ya kidole kimoja. "Umejenga. Kwa haki ya Mungu, umejenga. Uliita jina gani?"

Sabiri aliinamisha kichwa. "Sikuita jina. Nilikuwa nacheza na mtoto."

"Wewe ulicheza, wenzio hawakucheza." Shekhe akamvuta mpaka nyuma ya choo na kushusha sauti. "Sikiliza, fundi. Jini aliyevamia, mimi namtoa. Hawa hawakuvamia. Umewaita, wameingia, wamelala. Kisomo changu kitawaudhi, lakini kuwatoa hakiwatoi, kwa sababu wako kwao. Na sasa wanajaza chumba kilichobaki."

"Basi tufanyeje?" Zamda aliuliza. Alikuwa amewafuata, miguu mitupu, mtoto kifuani. Maryamu sasa alibebeka kama wa miaka mitatu.

"Kijumba kina fundi, hakina mmiliki mwanadamu. Fundi arudie kazi yake. Agonge, aite kwa jina kamili, na huyo aitike. Akishaitika, nyumba ni yake, wale wanabaki wapangaji tu, na mpangaji hagawi vitanda. Mtoto atarudi hapohapo. Nasi tutie moto wakiwa bado ndani, kabla hawajashtuka. Wakitoka hai watamfuata huyu huyu, hata mkihamia Mwanza."

Sabiri akauliza, "Na huyo mwenye nyumba? Mimi nimeng'oa bati, mwanangu katoka nywele. Tukichoma..."

"Ndiyo maana utamwita marehemu. Mwite mwalimu wako. Aliyeko kaburini haumwi na moto wa dunia."

"Asipoitika?"

Zamda akanong'ona haraka haraka, "Niiteni mimi. Shekhe, nakuomba, jina langu analijua, aniite mimi, mimi nitaitika."

"Mama, nyamaza. Asitajwe aliye hai. Akitajwa akaitika, ataingia, na hatoki. Mtoto apone halafu akose mama?" Aligeuka na kumtazama Sabiri kwa muda mrefu. "Nimesema aliye hai, fundi. Yeyote."

"Nimesikia," Sabiri alisema.

Wakakubaliana kesho, saa saba mchana, saa waliyoingia. Usiku ule Sabiri alimshika mwanawe mkono mpaka alfajiri, na mkono wote ulienea ndani ya vidole vyake vitatu.

Mchana ulipofika walikitoa kijumba katikati ya ua. Shekhe alikizungushia nyasi kavu na kumimina mafuta ya taa, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye lango, kiberiti mkononi, midomo ikisoma. "Ukishaita," alimwambia Sabiri, "jisogeze ukutani ukae hapo. Usiseme na mtu mpaka moto uzime." Zamda alikaa barazani na mtoto amemviringisha kwenye kanga moja. Sabiri akapiga magoti, mguu wenye vyuma ukimchoma, akagonga paa mara tatu.

"Mhina bin Sabu, ingia nyumba yako!"

Ndani, ufagio uliokuwa ukifagia ukanyamaza. Alingoja, akasikia nzi, akasikia lori likipita barabarani.

"Mhina bin Sabu, ingia nyumba yako!"

Kitanda kidogo kililia, kama mtu amelazwa juu yake. Kisha dirishani, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya kike yenye upole ikasema, "Huyo hayupo, baba. Sisi tulimuulizia zamani."

Akaita mara ya tatu, sauti inamkatika, na kutoka barazani akasikia Zamda akisema, kwanza taratibu, kisha kwa mayowe, kwamba hapumui, Shekhe, mtoto hapumui, ameacha kupumua, na Shekhe akisoma kwa sauti kubwa zaidi, na harufu ya udi ikimjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kelele zote akaisikia ndani ya kijumba sauti ya kiume ikimbembeleza mtoto alale, na mtoto, mwanawe, wake yeye, akiitika kwa usingizi, "Ndiyo, baba," basi Sabiri hakungoja tena, hakumwangalia Shekhe wala mkewe kwa sababu alijua akiwaangalia hataweza, akaweka mdomo kwenye ukingo wa paa na kunong'ona:

"Sabiri bin Abdi, ingia nyumba yako."

Akajivuta hadi ukutani, akaegemea, akajiitikia mwenyewe. "Labeka."

Mguu ukaacha kuuma. Hilo ndilo alilolijua kwanza. Alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili kwenye sakafu aliyoipiga randa kwa mikono yake, na juu yake zilipita kenchi sita zilizonyooka, kubwa, nzuri, kila moja na alama yake ya penseli. Chumba cha mtoto kilikuwa wazi. Kitandani palikuwa na shimo la kichwa kwenye mto, bado lina joto, na hapakuwa na mtu.

"Amerudi!" Sauti ya Zamda ilitikisa kuta. "Shekhe, amerudi! Amefungua macho!"

Sabiri alikimbilia dirishani. Kati ya nondo aliiona baraza, mbali na kubwa mno, na Maryamu juu yake, miguu yake mirefu imetoka nje ya kanga, akimwambia mama yake kwamba ana njaa, anataka chungwa. Sabiri alilia kwa furaha bila kujizuia. Karibu zaidi aliona mwanamume aliyeketi ameegemea ukuta, nyundo mapajani, kidevu kifuani. Shekhe naye alimtazama yule mwanamume, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mzee Mhina ameitika, Alhamdulillahi." Akawasha kiberiti.

Nyuma ya Sabiri wawili walikuwa wametoka chumbani. Hakugeuka kuwaona nyuso.

"Fundi," mwanamke alisema, upole wote umemwisha. "Kuna harufu ya moto. Fungua. Mtoto wetu yuko nje."

"Na wewe utatoka," mwanamume akaongeza. "Tutakutoa wenyewe, mkono kwa mkono. Mkeo yuko hatua mbili. Piga kelele tu, atamwaga maji."

Ilikuwa kweli. Zamda alikuwa amekuja mpaka karibu, ndoo ya maji pembeni yake kwa tahadhari, na kama angeita jina lake hata mara moja angesikia. Mdomo ulifunguka wenyewe. Sabiri akaufunga. Nyumba aliijua: madirisha yote yalikuwa na nondo, paa lilishikwa na misumari yake, na mlango ulikuwa mmoja tu. Akaondoka pale dirishani, akaegemeza mgongo kwenye mlango ule, akakaza miguu sakafuni. Wakaja juu yake kwa makucha, na moshi ukaanza kupenya chini ya kizingiti, na bati la kwanza likalia juu ya kichwa chake.

Nje alimsikia Maryamu, mdomo umejaa chungwa. "Mama, mbona baba halali ndani?"

"Mwache apumzike hapo ukutani, mwanangu," Zamda alisema. "Baba yako amechoka sana."